Geuza Karatasi Kwanza: Hotuba juu ya Kusoma na Kufundisha Picha za Kijapani

(Maneno haya yalisemwa mbele ya hadhara ya walimu, wanafunzi na wananchi. Yameandikwa upya kwa ajili ya wasomaji, na salamu zimefupishwa.)

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wenzangu, wanafunzi wangu wa sasa na wa zamani, na nyote mlioacha shughuli zenu jioni hii mkaja kunisikiliza, nawasalimu kwa heshima na kuwashukuru.

Mwaka wa kwanza niliofundisha historia ya sanaa ya Japani, nilionyesha ukutani, kwa projekta, picha ambayo wengi wenu mnaijua hata kama jina lake hamlijui: wimbi kubwa ambalo povu lake limejikunja kama makucha, mashua tatu zinazolikabili, na mlima mdogo wenye theluji ukionekana kwa mbali chini ya wimbi hilo. Niliizungumzia kwa nusu saa. Nilieleza kwamba mchoraji wake, Katsushika Hokusai, alizaliwa mwaka 1760 na kufariki mwaka 1849, nikaeleza alijifunza kazi kwa nani, na jinsi picha hiyo ilivyowashtua wachoraji wa Ulaya. Nilipomaliza, mwanafunzi mmoja aliyekaa safu ya nyuma akanyoosha mkono na kuuliza, “Mwalimu, picha yenyewe ina ukubwa gani?” Nikamjibu kwamba kimo chake ni sentimita 25 hivi na upana wake ni sentimita 37. Darasa zima likacheka, likidhani nafanya mzaha, kwa sababu wimbi lililokuwa ukutani lilikuwa limempita mtu mzima kwa kimo.

Sikucheka. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba kwa nusu saa nzima nilikuwa nimewafundisha vijana wale jambo lisilo kweli, ingawa hakuna sentensi niliyoisema iliyokuwa ya uongo. Mwanga wa projekta ulikuwa umeigeuza karatasi ya kushikwa mkononi kuwa ukuta wa kuogopwa, nami sikuwa nimetamka neno hata moja la kuwaonya. Tangu siku ile nimeshikilia kwamba kazi ya kwanza ya anayefundisha picha za Kijapani ni kuirudisha picha mikononi mwa watu waliokusudiwa kuishika: ni nani aliyeinunua, kwa bei gani, aliitazama akiwa ameketi au amesimama, na alipomaliza kuitazama aliiweka wapi. Habari za wachoraji na mitindo yao zina umuhimu wake, lakini zinaweza kusubiri.

Tuanze basi na karatasi. Picha ya wimbi ni moja ya picha zinazoitwa ukiyo-e, yaani picha za ulimwengu unaoelea. Neno ukiyo lilitokana na lugha ya Wabuddha, nalo zamani liliandikwa kwa herufi zenye maana ya dunia ya majonzi. Watu wa mjini wa enzi ya Edo, enzi iliyoanza mwaka 1603 na kumalizika mwaka 1868, wakalichezea, wakaliandika kwa herufi nyingine zenye sauti ileile, na majonzi yakageuka kuwa kuelea: kuponda raha za leo kwa kuwa kesho haina dhamana. Mimi hulipenda fumbo hilo kwa sababu Mswahili hahitaji kufafanuliwa mara mbili jinsi neno linavyoweza kuvishwa nguo nyingine bila kubadilishwa sauti.

Mwenye mtaji alikuwa mchapishaji, aliyeitwa hanmoto. Yeye ndiye aliyefikiria picha gani itauzika, akamwagiza mchoraji, akamlipa mchongaji, akamlipa mchapaji, kisha akaiuza dukani kwake. Mchoraji alichora kwa wino juu ya karatasi nyembamba. Karatasi hiyo ilibandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, na mchongaji akaanza kuondoa mbao pembeni mwa kila mstari, akichonga humo humo ndani ya karatasi, hata ikaisha yote. Naomba tusimame hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo wanafunzi wangu hushtuka. Mchoro wa mkono wa Hokusai wa wimbi lile haupo, wala haukupotea kwa moto au wizi. Uliteketezwa na kazi yenyewe, tena kwa makusudi, ili ubao upatikane. Mtu akiniuliza picha halisi iko wapi, namwambia aende British Museum mjini London, au Metropolitan Museum mjini New York, au Art Institute mjini Chicago, kwani zote hizo zina nakala, na kila nakala ni halisi kama mwenzake.

Hata hivyo nakala hizo hazilingani. Kila rangi ilikuwa na ubao wake, na katika kila ubao mchongaji aliacha alama mbili ndogo zinazoitwa kento, moja pembeni na nyingine ukingoni, ambazo mchapaji aliegemezea karatasi ili rangi ya pili isipishane na ya kwanza. Uchapaji wa rangi nyingi kwa namna hiyo ulishika kasi mwaka 1765, wakati matajiri wapenda mashairi wa mjini Edo, yaani Tokyo ya leo, walipokuwa wakishindana kutengenezesha kalenda za picha, na mchoraji Suzuki Harunobu ndiye aliyenufaika zaidi na ushindani huo. Mchapaji hakutumia mashine. Alipaka rangi juu ya ubao kwa brashi, akalaza karatasi iliyotiwa unyevu, iliyotengenezwa kwa magome ya mti wa jamii ya mforosadi, kisha akaisugua kwa nyuma kwa kisugulio cha duara kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Kadiri ubao ulivyotumika ndivyo mistari yake ilivyochakaa. Ukizitazama kwa makini nakala za wimbi utaona kwamba katika baadhi yake fremu inayozunguka jina la picha, upande wa juu kushoto, imekatika, na katika nyingine ni nzima. Utaona pia kwamba mbingu ya nakala za mwanzo ina mawingu ya rangi hafifu ambayo kwa wengi wetu, tuliozoea nakala zilizopauka, hayapo kabisa. Kwa hiyo ninapomfundisha mwanafunzi kutazama, namfundisha kutazama uchakavu. Uchakavu nao ni habari.

Kuhusu rangi ya buluu ningeweza kuzungumza hadi usiku wa manane, lakini nitajizuia. Wachapaji wa Edo walikuwa na buluu mbili za asili: ile ya ua dogo la porini liitwalo tsuyukusa, ambayo hupauka upesi ikiona unyevu na mwanga, na nili, ambayo ni imara zaidi lakini ni ngumu kuichapa kwa usawa juu ya eneo pana. Mapema katika karne ya 18 buluu mpya ya kutengenezwa ilipatikana Berlin. Ilifika Japani kupitia bandari ya Nagasaki, ambako Waholanzi na Wachina peke yao waliruhusiwa kufanya biashara, na kwa muda mrefu ilikuwa ghali mno. Ilipofika karibu na mwaka 1830 bei yake ilikuwa imeshuka kiasi cha kuifaa karatasi ya kuuzwa mtaani. Mchapishaji Nishimuraya Yohachi akaona fursa, na mwanzoni mwa mwaka 1831 alitangaza kwamba anatoa mandhari 36 za Mlima Fuji za Hokusai zilizochapwa kwa buluu, na wimbi letu ni mojawapo. Zilinunuliwa sana hivi kwamba ziliongezwa nyingine 10, na mfululizo huo una picha 46 ingawa jina lake linasema 36. Msomaji anayeambiwa kwamba wimbi lile ni roho ya Japani iliyojitenga na dunia anapaswa kuambiwa pia kwamba bahari yake imechapwa kwa rangi iliyozaliwa Berlin. Leo picha hiyo iko nyuma ya noti ya yen 1000 iliyoanza kutumika Julai 2024, nami sina ubishi na hilo. Nishimuraya, kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara, nadhani angefurahi.

Wachapishaji hao hawakuwa huru. Tangu miaka ya 1790 kila picha ilipaswa kupitishwa na wakaguzi na kuchapwa muhuri mdogo wenye neno kiwame, yaani imethibitishwa. Mwaka 1791 Tsutaya Jūzaburō, mchapishaji mwenye jicho kali kuliko wote wa zama zake, alinyang’anywa nusu ya mali yake kwa sababu ya vitabu vya Santō Kyōden vilivyokiuka amri, na Kyōden mwenyewe akafungwa pingu mikononi kwa siku 50. Mwaka 1804 ilikuwa zamu ya Kitagawa Utamaro, kwa kosa la kumchora mtawala wa zamani Toyotomi Hideyoshi. Naye alifungwa pingu siku 50, na miaka miwili baadaye alifariki. Mwaka 1842 serikali ilipiga marufuku picha za waigizaji na za makahaba wa daraja la juu, na ikaweka kikomo cha bei. Utagawa Kuniyoshi alijibu kwa ujanja unaonichekesha hadi leo: alitoa picha za waigizaji zilizochorwa kama michoro ya watoto wakorofi ukutani, kwa mistari ya kupindapinda, kana kwamba hakuna mtu mzima aliyehusika nayo. Kila mpenzi wa ukumbi wa kabuki, yaani michezo ya kuigiza ya Kijapani, aliwatambua waigizaji wake.

Sasa nafika mahali ambapo sauti yangu hubadilika darasani, na nisingependa ibaki ileile hapa. Sehemu kubwa ya picha nzuri za Utamaro na wenzake zinawaonyesha wanawake wa Yoshiwara, mtaa wa ukahaba uliokuwa na kibali cha serikali. Mtaa huo ulianzishwa mwaka 1617, na baada ya moto mkubwa wa mwaka 1657 ukahamishiwa nje kidogo ya mji, upande wa Asakusa. Ulizungukwa na mfereji wa maji na ulikuwa na lango moja. Katika picha tunaona hariri, vichanio vya nywele, shingo ndefu zilizochorwa kwa mstari mmoja usiotetereka. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ndani yake walikuwamo wasichana waliouzwa na wazazi wao kwa mikataba ya miaka, wakiwa na deni ambalo lilikua kila walipovaa nguo mpya, na nguo mpya walilazimishwa kuvaa. Hekalu la Jōkanji, lililo Minowa, lilipokea maiti za maelfu yao, na watu wa mtaani waliliita hekalu la kutupia. Nimewahi kulaumiwa na msikilizaji mmoja kwamba nikisema haya naharibu uzuri wa picha. Sikubaliani naye. Picha hizo zilikuwa pia matangazo ya biashara, na mwanafunzi anayeweza kuchambua tangazo la biashara la leo hana sababu ya kuliacha la jana likampita kwa kuwa tu limewekwa kwenye fremu. Uzuri wa mstari wa Utamaro haupungui. Anayeutazama ndiye anayebadilika.

Nitataja kwa ufupi zoezi moja la darasani, kwa faida ya walimu waliopo. Nawapa wanafunzi picha ya wimbi iliyogeuzwa kama kwenye kioo, kulia kuwa kushoto, bila kuwaambia. Wengi huona kwamba kuna kitu kimeharibika lakini hawakijui. Kisha nawaeleza kwamba maandishi ya Kijapani ya zama zile husomwa kutoka juu kwenda chini na safu zake huenda kutoka kulia kwenda kushoto, na jicho la msomaji huingia katika picha kwa mlango huo huo wa kulia. Hokusai alikuwa akiwachorea watu walioanza na mashua, na wapiga makasia walioinamisha vichwa, kisha wakakutana na wimbi ana kwa ana. Sisi tuliofundishwa kusoma kutoka kushoto tunapanda na wimbi na kuwaangukia mashuani. Ni picha ileile, na mkasa mwingine. Waliojifunza kusoma kwa herufi za Kiarabu, na katika ukumbi huu wapo, wananielewa kabla sijamaliza sentensi.

Mwelekeo huo una nguvu zaidi katika magombo. Gombo la picha, ambalo Wajapani huliita emaki, lilishikwa na mtu aliyeketi sakafuni, mkono wa kushoto ukifungua na wa kulia ukikunja, hivyo kwa wakati mmoja anaona kiasi cha upana wa mabega yake tu. Magombo ya zamani zaidi yaliyobaki ya kisa cha Genji, hadithi ndefu ya kale ya Kijapani, ni ya karne ya 12, nayo yamegawanyika kati ya Tokugawa Art Museum ya Nagoya na Gotoh Museum ya Tokyo. Wachoraji wake waliondoa paa za nyumba, ili mtazamaji achungulie vyumbani kutoka juu kama ndege, na nyuso wakazifanya kwa mistari miwili ya macho na ndoano ya pua, bila hisia yoyote. Hisia iko mahali pengine: katika pembe ya nguzo, katika pazia linaloelekea kuanguka, katika pindo la nguo linalotokeza chini ya mlango. Nimewaona wanafunzi wakichoka na nyuso zile kwa dakika tano za kwanza, na katika dakika ya kumi wakaanza kusoma nguzo. Mimi mwenyewe nilihitaji muda mrefu zaidi ya huo. Makumbusho yanapoyaonyesha magombo ya namna hii, hufanya hivyo kwa muda mfupi tu, kwa sababu mwanga unayala, nayo huyalaza wazi ndani ya kabati la kioo. Huo ni uangalizi mzuri wa vitu, lakini mkono unaokunja umeondolewa, na pamoja nao umeondolewa wakati. Mwanafunzi lazima aurudishe kwa akili yake.

Tena vipo vitu ambavyo havikukusudiwa kuonekana kabisa. Katika hekalu la Zenkōji, mjini Nagano, kuna sanamu ya Buddha ambayo haionyeshwi kwa mtu yeyote. Kinachotolewa mbele ya waumini, tena mara moja tu katika kila mzunguko wa miaka saba kwa hesabu ya Kijapani, ni sanamu nyingine inayosimama badala yake. Katika hekalu la Hōryūji, karibu na Nara, kulikuwa na sanamu ya Kannon, mtakatifu wa huruma wa Wabuddha, ya karne ya 7 iliyokuwa imefungwa kwa vitambaa ndani ya ukumbi wa Yumedono kwa karne nyingi. Mwaka 1884 Mmarekani Ernest Fenollosa, aliyekuwa amekuja Japani mwaka 1878 kufundisha falsafa, alifika pale pamoja na mwanafunzi wake wa zamani Okakura Kakuzō wakiwa na idhini ya serikali ya kukagua mali za kale. Watawa walipinga, wakihofia kwamba hekalu lingepigwa na tetemeko. Vitambaa vikafunguliwa. Fenollosa alisimulia tukio hilo kwa furaha ya mtu aliyevumbua jambo, na kwa muda mrefu wanahistoria wa sanaa tulilisoma kwa furaha hiyohiyo. Mimi sasa nalisoma kwa moyo mzito kidogo. Ni kweli kwamba bila ukaguzi ule mengi yangepotea, kwa kuwa baada ya mwaka 1868 serikali mpya ilitenganisha dini ya Shinto na ya Kibuddha, na mahekalu mengi yakavunjwa, yakachomwa au yakauza mali zao ili yaishi. Lakini siku ile sanamu iliyokuwa na kazi ya kufichwa ilipewa kazi ya kutazamwa, na hakuna aliyewauliza watawa mara ya pili. Leo hufunguliwa kwa vipindi vifupi majira ya kuchipua na majira ya vuli, jambo ambalo kwangu ni mapatano ya busara.

Neno lenyewe la Kijapani la sanaa, bijutsu, lina umri mdogo kuliko watu wanavyodhani. Lilibuniwa kwa ajili ya maonyesho ya kimataifa ya Vienna ya mwaka 1873, pale maofisa walipohitaji kutafsiri orodha ya vitu iliyoandikwa kwa Kijerumani na wakakosa neno la Kijapani linalokusanya pamoja uchoraji, uchongaji na mengineyo. Kabla ya hapo palikuwa na mafundi wa magombo, mafundi wa sanamu, mafundi wa laka, na kila kundi lilikuwa na jina lake na heshima yake. Baada ya hapo kukawa na sanaa, na punde makumbusho, na shule ya sanaa ya Tokyo iliyofunguliwa mwaka 1889 chini ya akina Okakura, na sheria ya mwaka 1897 ya kuhifadhi mahekalu ya kale. Fenollosa na Okakura wote wawili wakaishia kulihudumia Museum of Fine Arts la Boston, na ndiyo maana mtu anayetaka kusoma sanaa ya Kijapani kwa dhati analazimika kwenda Boston pia, si Kyoto na Nara peke yake. Ukiyo-e, kwa upande wao, walichelewa kualikwa mezani. Wakati Paris ilikuwa tayari imewaka kwa ajili yao, na Vincent van Gogh mwaka 1887 alikuwa amenakili kwa rangi za mafuta picha mbili za Utagawa Hiroshige za mji wa Edo, huko Japani kwenyewe wasomi wengi waliziona kuwa ni karatasi za watu wa kawaida.

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wa Kiafrika, hapa na popote niendapo, ni juu ya Yasuke. Nitalijibu kama mwanahistoria wa sanaa. Mwaka 1579 padri Mjesuti Alessandro Valignano alifika Japani, na katika msafara wake alikuwamo Mwafrika huyo, ambaye mwaka 1581 alifikishwa mbele ya mtawala wa kivita Oda Nobunaga mjini Kyoto. Vyanzo vya Wajesuti vinasimulia kwamba Nobunaga hakuamini kuwa rangi ya ngozi ile ni ya asili, akaamuru aoshwe, kisha akamweka katika utumishi wake hadi alipoangamia Nobunaga mwenyewe mwaka 1582. Mwandishi Mfaransa wa mwaka 1627 alisema mtu huyo alitoka Msumbiji, na njia ya meli za Wareno ilipita kweli katika kisiwa cha Msumbiji kabla ya kwenda Goa, Malacca na Macau. Lakini hakuna picha yake iliyothibitishwa. Picha zinazozungushwa mitandaoni kwa jina lake ni za kukisia, au ni za juzi.

Zipo picha nyingine, nazo kwangu zina thamani kubwa zaidi ya moja ya shujaa. Ni viambaza vya kukunjwa, byōbu, vilivyochorwa mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17 kuonyesha kufika kwa meli ya Wareno bandarini. Jozi maarufu ya Kano Naizen iko Kobe City Museum. Nahodha anatembea kwa madaha, suruali yake imefura kama maboga, na nyuma yake mtu mweusi amemshikia mwavuli mrefu. Wengine wa rangi hiyo wamebeba mizigo au wamo melini, kwenye kamba za milingoti. Majina yao hayakuandikwa. Walikuwa watumwa na mabaharia wa bahari ileile inayotupigia fukwe zetu, katika karne ileile ambayo Wareno waliipiga Kilwa na Mombasa. Huwa nawaagiza wanafunzi waandike ukurasa mmoja juu ya mshika mwavuli: mikono yake ilivyochorwa, nguo zake, anatazama wapi, na mchoraji aliyemchora alikuwa anaona nini. Ni kazi ngumu kuliko insha kuhusu Hokusai, kwa sababu hakuna kitabu cha kunakili.

Nilijifunza kutazama hivyo kwa kitu cha nyumbani. Marehemu bibi yangu alikuwa na doti ya kanga aliyoitunza sandukuni kwa udi, na mimi nilipokuwa tayari nimesoma Kyoto na kurudi, nikaifungua nikaona kibandiko chake: ilichapishwa Japani. Wengi wenu mnajua kwamba katika karne ya 20 kanga nyingi zilizouzwa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam zilitoka katika viwanda vya Japani, zikiwa zimeagizwa na wafanyabiashara wa huku waliochagua wenyewe pindo, mji na jina. Nikakumbuka kwamba kanga za Mombasa zenye chapa ya K.H.E. huandikwa Mali ya Abdulla, yaani zimebeba jina la mfanyabiashara aliyeziagiza wala si la mchoraji. Huo ni muhuri wa hanmoto, nikajisemea. Nilikuwa nimetumia miaka kadhaa kujifunza kwa taabu, kwa lugha ya watu, jinsi picha inavyoweza kuwa na mwenye mali, fundi, maneno na mvaaji bila kumhitaji msanii, ilhali bibi yangu aliyajua hayo yote kila alipokwenda dukani kununua doti kwa kusikiliza jina lake kwanza.

Mezani hapa nina bahasha tatu. Ndani yake mna picha za kisasa zilizochapwa Kyoto kwa mkono, kwa mbao zilizochongwa upya kufuata nakala za zamani; hazina thamani ya makumbusho, kwa hiyo msiogope kuzishika, ila naomba mikono iwe mikavu. Tutazima projekta. Zipitisheni safu kwa safu, na kabla ya kutazama upande wenye picha, geuzeni karatasi muitazame kwa nyuma, mkiielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Mtaona mizunguko ya kisugulio, na rangi ya buluu iliyopenya. Huo ndio upande aliokuwa akiutazama mchapaji wakati wote wa kazi.